Kalamu ya mhariri na daftari la katibu: Tunachojifunza kwa hayati Benjamin Mkapa

(Haya ni maneno yaliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya makatibu wa vikundi iliyofanyika Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda.)

 

Awali ya yote tunawashukuru kwa kuacha mashamba na biashara zenu na kuja kukaa nasi siku mbili hizi. Tumeombwa tuzungumze juu ya uandishi wa taarifa. Wengine mtadhani tutaanza na fomu na majedwali. Hayo yatakuja mchana. Asubuhi hii tumeona tuzungumze kwanza juu ya mtu mmoja ambaye wengi wenu mnamfahamu kama Rais, lakini si wengi mnaomfahamu kwa kazi aliyoifanya kabla ya hapo. Tunamzungumzia hayati Benjamin William Mkapa, mhariri wa magazeti.

Kwa nini mhariri? Kwa sababu kila katibu wa kikundi aliyeketi hapa ni mhariri. Ninyi mnasikia mengi, mnaona mengi, kisha mnaamua yapi yaingie kwenye taarifa na yapi yabaki nje. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri, iwe Dar es Salaam au Nsemulwa.

Gazeti lilivyotufikia

Sisi tuliokulia Mpanda tunakumbuka jinsi gazeti lilivyokuwa kitu adimu. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, kwani mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Magazeti ya Dar es Salaam yalikuja na treni, kupitia Tabora na Kaliua, na yalipofika habari zilikuwa zimekwisha kuwa za zamani. Hata hivyo yalisomwa. Mwalimu akimaliza alimpa mganga, mganga akampa mwenye duka, na mwisho kabisa gazeti lilifungiwa nyama au maandazi. Nasi watoto tulisoma kile kipande chenye mafuta.

Hatukujua kwamba nyuma ya kile kipande kulikuwa na mtu aliyekaa usiku akiamua kichwa cha habari kisemeje. Tulidhani gazeti linajiandika lenyewe. Vivyo hivyo, wapo wanaodhani taarifa ya mradi inajiandika yenyewe.

Kutoka Lupaso hadi chumba cha habari

Benjamin Mkapa alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 katika kijiji cha Lupaso, Masasi, mkoani Mtwara. Alisoma Ndanda, kisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko Pugu, shule ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kufundisha. Mwaka 1962 alihitimu shahada ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Alifanya kazi ya utawala Dodoma kwa muda mfupi, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea mambo ya kimataifa, akarudi na kutumika katika Wizara ya Mambo ya Nje.

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 27, alikabidhiwa kazi ambayo hakuisomea. Alifanywa Mhariri Mtendaji wa magazeti mawili ya chama cha TANU: Uhuru, la Kiswahili, lililoanzishwa mwaka 1961, na The Nationalist, la Kiingereza, lililoanza mwaka 1964. Vijana mlioko hapa tafakarini jambo hilo. Miaka 27, na kila asubuhi nchi nzima inasoma ulichokiruhusu.

Alikaa katika kiti hicho nyakati nzito. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na gazeti la chama ndilo lililotakiwa kuwaeleza wananchi Ujamaa na Kujitegemea ni nini. Mwaka 1972 alihamishiwa Daily News na Sunday News, magazeti ya serikali. Mwaka 1974 akawa Mwandishi wa Habari wa Rais. Mwaka 1976 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Mwaka uliofuata akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Baadaye alishika pia wizara ya habari kwa vipindi viwili, 1980 hadi 1982 na 1990 hadi 1992. Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa Rais wa Awamu ya Tatu, akaongoza hadi 2005. Alifariki tarehe 24 Julai 2020, akazikwa kwao Lupaso.

Mhariri anafanya nini hasa?

Tukisema mhariri, wengi tunamfikiria mtu anayesahihisha herufi. Hilo ni dogo. Mwandishi analeta habari. Mhariri anamuuliza: Umeona mwenyewe au umeambiwa? Aliyekuambia alikuwepo? Aliyetuhumiwa umemsikiliza? Namba hii umeitoa wapi? Kisha anaamua habari ikae ukurasa wa mbele au wa ndani, ipewe kichwa gani, na ipunguzwe wapi. Vilevile kuna tahariri, yaani maoni ya gazeti lenyewe, ambayo kwa kawaida hayana jina la mtu. Lakini yakileta matatizo, anayeitwa ni mhariri.

Siku zile kazi yote hiyo ilifanywa bila kompyuta. Herufi zilipangwa kwa madini ya risasi, yale yale ambayo wakoloni waliyafuata hapa Mpanda na kuyajengea reli. Ukikosea, ukurasa ulipangwa upya, na treni haikungoja. Kwa hiyo mhariri alipaswa kuamua kwa haraka, na akiamua amekwisha kuamua.

Uzito wa kazi hii haujapungua. Mwezi Agosti 2021, gazeti lile lile la Uhuru lilitoa kichwa cha habari kilichosema kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kuwania urais mwaka 2025, wakati hakuwa amesema hivyo. Serikali ililifungia kwa siku 14, na viongozi wa juu wa kampuni yake walisimamishwa kazi na chama chenyewe. Gazeti la chama tawala likafungiwa kwa ajili ya kichwa cha habari kimoja. Sasa, kama kichwa cha habari kimoja kinaweza kufanya hayo, mstari mmoja kwenye taarifa yako unaweza kufanya nini?

Mwenye gazeti na mhariri wake

Ndugu zangu, hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mhariri ana tajiri wake. Mkapa hakuwa na gazeti lake mwenyewe. Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya TANU, na Daily News lilikuwa la serikali. Kwa hiyo alikuwa na wenye mali wanaomtazama upande mmoja na wasomaji upande mwingine.

Tuangalie kidogo mfano wa mwenzake. Gazeti la The Standard, lililoanza mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, lilitaifishwa tarehe 5 Februari 1970. Mwalimu Nyerere mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na kazi ya Mhariri Mtendaji akapewa mama mmoja mkimbizi kutoka Afrika Kusini, Frene Ginwala. Mwalimu alitoa mwongozo ulioliruhusu gazeti hilo kukosoa utekelezaji wa mambo, ilimradi lisimame katika misingi ya Ujamaa. Mwaka 1971, baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa huko Sudan, Rais Nimeiry aliwanyonga viongozi wa chama cha Kikomunisti. The Standard likaandika tahariri ya kulaani. Sudan ilikuwa nchi rafiki. Mama Ginwala akapoteza kazi.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili 1972, The Standard na The Nationalist yaliunganishwa na kuzaliwa Daily News. Aliyekabidhiwa uhariri ni Mkapa. Kwa maneno mengine, alikalia kiti kilichokwisha kumwonyesha kila mtu bei ya tahariri moja.

Hatusemi haya ili kumhukumu Mwalimu au kumhukumu Mkapa. Nchi ilikuwa changa, na watu wengi waliamini kwa moyo safi kwamba gazeti ni chombo cha kujenga taifa. Lakini tuna swali kwa wazee wetu mlioko hapa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 ilikuwapo Operesheni Vijiji, na wengi wenu mlihamishwa. Je, yale mliyoyapitia mliyasoma gazetini kama mlivyoyapitia? Tunaona mzee mmoja anacheka. Basi jibu tumelipata, na tusonge mbele.

Ikumbukwe pia kwamba Mama Ginwala hakuishia pale. Afrika Kusini ilipopata uhuru wa wote mwaka 1994, yeye alichaguliwa kuwa Spika wa Bunge, akalitumikia hadi 2004. Kupoteza kazi kwa ajili ya mstari ulioandikwa siyo mwisho wa mtu.

Mhariri anapogeuka kuwa habari

Alipoingia Ikulu, Mkapa alikuja na kaulimbiu ya Ukweli na Uwazi. Mapema mwaka 1996 aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza kero ya rushwa, na taarifa yake ikawa nene na yenye kuuma. Kila mwisho wa mwezi aliongea na wananchi kwa redio na televisheni. Nafikiri wengi mnaikumbuka ile sauti nzito, inayokwenda taratibu, ya mtu aliyezoea kupima neno kabla ya kulichapa.

Lakini zamani alikuwa anayeamua habari, na sasa yeye akawa ndiyo habari. Alipoondoka madarakani, magazeti na Bunge viliuliza maswali mengi kuhusu ubinafsishaji na hasa kuhusu mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira. Hayo hayakumfurahisha. Hakuna anayefurahi anapokuwa upande ule wa kalamu.

Pamoja na hayo, lipo jambo moja ambalo sisi tunalihesabu kuwa kubwa. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, akiwa Rais, watu waliuawa Zanzibar, hasa Pemba, vyombo vya dola vilipozima maandamano ya upinzani. Mwaka 2019 Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake. Kitabu kilikuwa chake. Angeweza kuiruka ile sura, na nani angemzuia? Hakuiruka. Alikiri kwamba mauaji yale yatabaki doa katika uongozi wake.

Kukiri hakurudishi maiti. Familia za Pemba zina haki ya kusema kwamba lilikuja kwa kuchelewa. Lakini mhariri mzee, akiandika taarifa yake ya mwisho, aliuacha mstari unaouma. Hilo ndilo tunalotaka mlibebe kutoka hapa.

Daftari la katibu

Sasa tuje kwetu, maana mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Tusipojisema wenyewe tutakuwa tumewadanganya.

Miaka michache iliyopita, katibu wa kamati ya maji ya kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja, alituletea taarifa ya robo mwaka. Ni mama aliyeishia darasa la saba, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu. Aliandika kwamba kati ya pampu tatu, moja imekufa tangu mvua zilipoanza, na kwamba fedha za vipuri zilikopwa na kiongozi mmoja na hazijarudi. Aliandika wazi, bila matusi, kwa tarehe na kiasi.

Taarifa ile ilipofika ofisini kwetu tulikuwa na haraka. Wafadhili walikuwa wakingoja. Tukaichapa upya, na tulipofika kwenye ule mstari tukasita. Tukaambiana: hili ni jambo dogo la ndani, litarekebishwa, tusiwashtue watu. Tukaufuta. Mahali pake tukaandika, “Mradi unaendelea vizuri kwa ushirikiano wa wananchi.” Tulipata barua ya pongezi.

Kwa kuwa mradi ulikuwa unaendelea vizuri, hakuna fundi aliyetumwa. Kwa kuwa hakuna fedha iliyokopwa, hakuna aliyeulizwa. Wanawake wa upande ule wa kijiji walirudi mtoni na ndoo zao. Miezi minane baadaye tulipotembelea, tuliikuta pampu imefungwa kwa kamba na watoto wengi wanaharisha. Tukamwuliza yule mama, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hakutoa taarifa.

Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na daftari. Alikuwa amenakili kila taarifa kabla ya kuileta. Akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, “Mratibu, mimi niliandika. Walioufuta ni ninyi.”

Ndugu zangu, tumesoma vyuo na tuna vyeti ukutani. Siku ile tulisimama uani kwa yule mama hatuna la kusema. Kosa halikuwa la katibu, wala la kijiji. Lilikuwa letu, na hatuna mtu wa kumsukumia. Hatukuamriwa na yeyote. Mkapa alikuwa na chama na serikali juu yake, na Mama Ginwala alifukuzwa kwa alichokiruhusu. Sisi tulijifuta wenyewe kwa kuogopa kupoteza barua ya pongezi.

Tuliandika taarifa mpya, tukakiri tulichokifanya, na pampu ilitengenezwa. Wafadhili hawakuondoka. Waliuliza maswali magumu, wakatuma fundi. Lakini ile miezi minane haikurudi.

Tufanyeje sasa?

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matano, ambayo tutayajadili katika vikundi mchana:

Kwanza, andika ulichokiona, na ulichoambiwa kiandike kama ulichoambiwa. Msichanganye.

Pili, anayelaumiwa asikilizwe kabla ya taarifa kuondoka kijijini. Kama ana maelezo, yaandikwe. Mhariri mzuri hatumii kalamu kulipiza kisasi, na katibu asitumie taarifa kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba.

Tatu, namba zihesabiwe na watu wawili. Ukisema pampu tatu, ziwe tatu.

Nne, weka nakala. Daftari la shilingi chache lilituokoa sisi na aibu kubwa zaidi. Taarifa isiyo na nakala ni kama mbuzi asiye na alama: akipotea zizini kwa mwingine, huna ushahidi.

Tano, na hili ni letu sisi wa ofisini. Kuanzia sasa taarifa yako haitabadilishwa kabla hujaulizwa. Tutasahihisha herufi na tutafupisha, kwa sababu kurasa ni chache. Lakini tukitaka kuondoa jambo, tutakupigia simu, na kama hukubali, litabaki pamoja na maelezo yetu chini yake. Mkiona tumekiuka, simameni mbele ya watu mseme, kama alivyofanya yule mama. Hamtapoteza chochote kwa kusema hivyo.

Hitimisho

Leo gazeti linafika Nsemulwa kabla chai haijapoa, kwa simu ya mkononi. Kila mtu anaweza kuchapa na kusambaza. Lakini kazi ya kuuliza, “Una hakika? Umemsikiliza na mwenzake? Umeacha nini?” haifanywi na simu. Inafanywa na mtu, na mtu huyo mara nyingi amechoka, ana haraka, na anaogopa kumuudhi mkubwa.

Kijana wa Lupaso alianza kazi hiyo akiwa na miaka 27. Alipatia mengine na mengine yalimshinda, na mwishoni aliacha mstari unaouma usomwe na wote. Yule mama wa darasa la saba alifanya hivyo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemwalika kwenye semina kama hii. Ndiyo maana safari hii tumemwalika. Ameketi kule nyuma, na daftari lake amelileta. Wakati wa chai mwombeni awaonyeshe jinsi anavyoliandika, maana mafunzo ya mchana yatasimamiwa na yeye.